Tiki, Saa na Mikono Iliyokutanishwa: Kusoma Alama za Kundi la WhatsApp

Ujumbe ukitumwa katika kundi la WhatsApp, alama ya kwanza kuonekana kwenye kona yake ni saa ndogo ya kijivu. Maana yake ujumbe bado umo ndani ya simu ya mtumaji, haujakwenda popote. Palipo na mnara wa karibu, saa hiyo hupita upesi hata wengine hawajawahi kuitambua. Katika kata ya Bugomora, wilayani Kyerwa, mkoani Kagera, nchi ni ya vilima na mabonde, na mtu akiwa bondeni saa hiyo inaweza kukaa pale pale tangu anapofunga mikungu ya ndizi kwenye baiskeli mpaka anapoifikisha senta. Kuutuma ujumbe upya, kama wengi wafanyavyo kwa kukosa subira, hakuharakishi kitu. Mtandao ukirudi, kundi hupokea tangazo lile lile mara nne.

Saa ikiondoka huja tiki moja ya kijivu: ujumbe umeiacha simu na kufika kwenye mitambo ya WhatsApp. Tiki ya pili huja ujumbe ukishaingia katika simu ya mpokeaji, na tiki zote mbili hugeuka bluu akishaufungua. Kati ya watu wawili hesabu hiyo ni nyepesi. Kwenye kundi hubadilika, na hapo ndipo ugomvi mwingi unapoanzia. Tiki ya pili haiji mpaka ujumbe uwe umeingia katika simu za wanakundi wote, na bluu haiji mpaka wote wawe wameufungua. Uzito uko kwenye neno wote.

Kundi la ukoo lenye watu 140 linatosha kuonyesha jambo hili. Mmoja yuko machimboni Geita na simu imekata chaji. Wa pili amezima data mpaka Jumapili atakaponunua bando. Wa tatu simu yake imeanguka mtoni, naye hajapata nyingine. Hao watatu wanatosha kuushikilia ujumbe wa msiba kwenye tiki moja kwa wiki nzima, ilhali wenzao 137 wamekwisha kuusoma, wamelia na wamechanga. Kwa kundi linaloweza kuwa na watu hadi 1,024, ambacho ndicho kiwango cha juu tangu mwaka 2022, tiki za bluu ni adimu kama mvua ya Julai. Kwa hiyo mwenyekiti wa kikundi cha kuweka na kukopa anayetazama tiki za kijivu na kusema wanachama hawasomi matangazo yake analaumu watu kwa kosa la simu tatu.

Majibu kamili yapo, ila yamefichwa kidogo. Mwenye ujumbe akiubonyeza na kuushikilia, kisha akafungua taarifa za ujumbe, huona orodha mbili: waliousoma, pamoja na saa waliyousoma, na waliofikishiwa tu. Orodha hizo huonekana kwa mtumaji peke yake. Tiki za bluu zilianza Novemba 2014, mwaka ule ule kampuni ya Facebook, ambayo leo inaitwa Meta, ilipotangaza kuinunua WhatsApp kwa dola bilioni 19. Watu walilalamika, wakapewa njia ya kuzizima. Lakini kuzima huko hufanya kazi katika mazungumzo ya wawili tu. Ndani ya kundi, aliyezima na asiyezima wote huonekana kwenye orodha.

Hata orodha hiyo isisomwe zaidi ya inavyosema. Mtu anaweza kuusoma ujumbe wote ukiwa juu ya kioo, kwenye taarifa zinazoshuka, bila kuufungua. Huyo atahesabiwa hajasoma. Mwingine anaweza kuufungua pasipo kuona herufi hata moja. Katika nyumba nyingi simu ya mama hushikwa na mtoto jioni, mtoto akitafuta michezo au picha. Kidole kinapita kwenye kundi la wazazi wa shule, jina la mama linaingia kwenye orodha ya waliosoma saa mbili na dakika kumi usiku, na kesho yake mama anaulizwa kwa nini alisoma akanyamaza. Mama hana habari. Tiki ya mwalimu kwenye daftari la mwanafunzi husema jibu ni sahihi. Tiki ya WhatsApp husema tu kwamba kitu kimefika mahali au kimefunguliwa. Haisemi nani alikifungua, wala haina habari na moyo wa mtu.

Ujumbe wa sauti una alama yake ya ziada, maikrofoni ndogo. Kwa aliyepokea, maikrofoni ya kijani ina maana sauti hiyo hajaisikiliza, na ya bluu kwamba ameisikiliza. Kwa aliyetuma katika kundi, maikrofoni hubaki ya kijivu mpaka wote wawe wamesikiliza. Alama hii haina njia ya kuzimwa, hata katika mazungumzo ya wawili. Ujumbe wa sauti uliingia WhatsApp mwaka 2013, na katika makundi ya vijijini umefanya kazi ambayo maandishi hayakuiweza: wazee wasiopenda kubonyeza herufi ndogo huzungumza, tena wengi huzungumza Kinyambo, lugha ambayo wengi wao hawakufundishwa kuiandika shuleni. Hapo hapo pembeni mwa sauti inayosikilizwa kuna kitufe kilichoandikwa 1×, kinachogeuka kuwa 1.5× na 2×. Hicho ni kasi. Kikiguswa kwa bahati mbaya, mzee anayetoa wasia wa pole pole husikika kama mtangazaji wa mpira dakika ya mwisho, na msikilizaji hudhani simu imeharibika.

Saa iliyoandikwa chini ya kila ujumbe nayo ni alama ya kusomwa kwa makini, hasa Kyerwa. Wilaya hii, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, inapakana na Uganda kaskazini na Rwanda magharibi, Mto Kagera ukiwa kati. Uganda na Tanzania hutumia saa moja. Rwanda iko nyuma kwa saa nzima. Simu iliyoachiwa ijirekebishe saa yenyewe, ikinasa mnara wa ng'ambo ya mto, hurudi nyuma saa moja bila kumuuliza mwenyewe, na saa za ujumbe wote ndani yake hurudi nayo. Mtu wa namna hiyo atasema tangazo lilitumwa saa kumi na mbili jioni, jirani yake atasema saa moja usiku, na wote wawili watakuwa wanasoma kilichoandikwa. Mfuatano wa ujumbe hauharibiki. Kinachobadilika ni tarakimu tu. Mnara wa jirani una hasara nyingine pia: bando la nyumbani halifanyi kazi kule, na ile saa ndogo ya kijivu hurudi kwenye kona.

Juu ya baadhi ya ujumbe kuna mshale uliopinda. Huo ni ujumbe uliotolewa kwingine na kuletwa pale, yaani umeforwadiwa, kama watumiaji wenyewe wasemavyo. WhatsApp iliuweka mshale huo mwaka 2018. Mwaka uliofuata ikaongeza mishale miwili iliyofuatana, kwa ujumbe ambao umeshapita mikono mitano au zaidi tangu kwa mwandishi wa kwanza. Ujumbe wa kawaida unaweza kupelekwa kwenye mazungumzo matano kwa mara moja. Wenye mishale miwili, tangu Aprili 2020, hupelekwa kwenye mazungumzo mamoja tu kwa mara moja. Wanaolalamika kwamba simu imegoma kusambaza habari njema kwa makundi yote huwa wanagonga ukuta huo, nao uliwekwa kwa makusudi.

Katika alama zote za mashine, mishale miwili ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, na pengine ndiyo isiyotazamwa kabisa. Haisemi kwamba habari ni ya uongo. Inasema kwamba aliyeileta si aliyeiandika, wala aliyempa yeye, wala aliyempa huyo. Kagera ina sababu ya kuizingatia. Machi 21, 2023 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa Marburg katika wilaya ya Bukoba, uliopata wagonjwa tisa na kuua sita kabla ya kutangazwa kuisha Juni 2 mwaka huo. Januari 20, 2025 ukatangazwa tena, safari hii Biharamulo. Wakati kama huo swali la nani amesema linaweza kuamua mtu aende zahanati au anywe majani. Ujumbe wa wizara huwa na jina la aliyetia saini, tarehe na mahali. Ujumbe wenye mishale miwili mara nyingi huanza na "daktari mmoja rafiki yangu".

Kuna tundu moja kwenye wavu huu. Mtu akinakili maneno na kuyabandika upya badala ya kuyaforwadi, mshale hauonekani, na maneno hutokea kana kwamba ni yake. Picha ya kioo cha simu, ile iitwayo skrinishoti, haibebi historia ya maneno yaliyomo. Kwa hiyo mshale ukiwapo unathibitisha. Usipokuwapo hauthibitishi kitu. Na mbele ya sheria kutawanya uongo kuna bei. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinamgusa anayechapisha kwenye mfumo wa kompyuta taarifa anayojua ni ya uongo au ya kupotosha, kwa nia ya kukashifu, kutisha, kutukana au kuudanganya umma, iwe kwa picha, maandishi, alama au namna nyingine yoyote. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Neno alama limo ndani ya kifungu chenyewe.

Kufuli ndogo inayokaa mwanzoni mwa mazungumzo pamoja na maelezo ya njano iliingia mwaka 2016. Inatangaza kwamba ujumbe hufungwa ndani ya simu ya mtumaji na kufunguliwa ndani ya simu ya mpokeaji, hata WhatsApp yenyewe isiweze kuusoma njiani. Wengi huielewa vibaya kwa kuitwisha kazi isiyo yake. Kufuli inalinda barabara, hailindi nyumba. Mwanakundi mmoja kati ya 140 akipiga picha kioo chake na kuipeleka kwa anayesemwa, kufuli haijavunjwa popote. Taarifa kwamba namba ya usalama ya mtu fulani imebadilika nayo huogopesha bure: mara nyingi mtu huyo amenunua simu mpya au ameondoa programu na kuiweka tena. Ila ikifuatwa muda mfupi baadaye na ombi lake la kukopeshwa pesa kwa haraka kwenye namba isiyo yake, ni busara kumpigia kwa sauti kwanza. Wezi huiteka akaunti kwa kumwomba mwenyewe awatajie tarakimu sita alizotumiwa kwa ujumbe mfupi. Namba za matapeli huripotiwa Mamlaka ya Mawasiliano kupitia 15040.

Alama nyingine zinaweza kupitwa kwa haraka. Duara lililokatwa na mstari ni ujumbe uliofutwa na mwenyewe, au na kiongozi wa kundi, ambaye tangu mwaka 2022 ana mamlaka ya kufuta ya wengine. Kufuta kwa ajili ya wote kunawezekana ndani ya siku mbili na zaidi kidogo, na aliyewahi kuusoma amekwisha kuusoma. Ujumbe uliorekebishwa hubeba neno la kuonyesha hivyo, na muda wa kurekebisha ni dakika 15. Namba moja ndani ya duara ni picha au video ya kutazamwa mara moja. Kijisaa kwenye picha ya kundi ni tangazo kwamba ujumbe wa hapo hujifuta baada ya saa 24, siku 7 au siku 90, na kikundi cha fedha kinachowasha kitu hicho kinajichimbia shimo, maana kumbukumbu za marejesho zitayeyuka pamoja na salamu. Nyota ni ya aliyeiweka peke yake. Spika iliyokatwa vilevile ni siri ya mwenyewe: aliyenyamazisha kundi haonekani na mtu. Pini ina sura mbili, na huchanganya. Mtu akilipini kundi lenyewe, linapanda juu kwenye simu yake tu. Kiongozi akiupini ujumbe ndani ya kundi, unaning'inia juu kwa kila mtu kwa siku moja, siku saba au siku 30. Alama ya @ kwenye orodha ya mazungumzo humwambia mtu ametajwa kwa jina, na ndiyo adabu inayofaa kumwita mmoja kati ya wengi.

Neno la kijani linalosimama kando ya majina ya baadhi ya wanakundi huwatambulisha viongozi, maarufu kama maadmini. Hawa huongeza, hutoa, na wakitaka hufunga mdomo wa kundi zima wabaki kusema wao tu. Kipaza sauti kama cha mnadani, kikiwa ndicho picha ya kundi, ni dalili ya uwanja wa matangazo wa jumuiya yenye makundi kadhaa ndani yake. Kwa miaka mingi alama iliyoogopwa kuliko zote ilikuwa mstari mdogo wa kijivu katikati ya kioo: fulani ameondoka. Watanzania waliupa kitenzi chake, kulefti, na mtu akilefti kundi la ukoo ilikuwa kama kusimama msibani, kukunja mkeka wake na kwenda zake mbele ya waombolezaji. Tangu Agosti 2022 kuondoka kumefanywa kimya, taarifa ikiwafikia viongozi tu. Hata hivyo, orodha ya walioondoka hukaa wazi kwa siku 60 kwa atakayeitafuta, na ukoo wenye watafutaji haukosi.

Mpaka hapo ni alama za mashine. Maana yake imewekwa na waliotengeneza programu, ni moja, na ni ile ile Bugomora na Brazili. Emoji ni jambo jingine kabisa. Mashine huzichora na kuzisafirisha, lakini maana huwekwa na wanaozitumia, na kila kundi hujitengenezea yake. Makosa mengi ya kusoma hutoka katika kuchanganya makabila haya mawili: tiki inasomwa kama tabia ya mtu, na emoji inasomwa kama kanuni.

Emoji ni neno la Kijapani, lililoungwa kutoka maneno ya picha na herufi. Mkusanyo ulio maarufu zaidi kati ya ile ya mwanzo ni wa Shigetaka Kurita, aliyechora picha 176 kwa ajili ya kampuni ya simu ya NTT DoCoMo mwaka 1999, kila moja ikiwa na vitone 12 kwa 12. Mwaka 2010 zikaingizwa katika Unicode, utaratibu wa kimataifa unaoipa kila herufi duniani namba yake, na tangu hapo simu ya kampuni moja iliweza kuelewana na ya nyingine. Rangi tano za ngozi ziliongezwa mwaka 2015. Leo emoji zimezidi 3,700. Kinachosafiri hewani ni namba tu; picha huchorwa upya na simu inayopokea, ndiyo maana uso ule ule hutofautiana kidogo kati ya simu na simu. Programu ya zamani ikipokea namba isiyoifahamu, huonyesha kiboksi kitupu. Mwenye simu ya zamani akiona viboksi vitatu baada ya jina lake, asidhani ametukanwa.

Emoji inayofanya kazi nyingi zaidi katika makundi ya Kiswahili ni mikono miwili iliyokutanishwa. Japani, ilikozaliwa, ni ishara ya kuomba na kushukuru. Hapa imebeba asante, tafadhali, pole, amina, nimekubali, na hata yamekwisha. Katika kundi la msiba hufuata kila pole. Katika kundi la mikopo humaanisha naomba nivumiliwe wiki moja. Kinachoitofautisha ni ujumbe uliotangulia, kwa hiyo ikitumwa peke yake, bila kufungwa kwenye ujumbe inaoujibu, huwa kama mtu aliyeinua mikono katikati ya soko: hajulikani anamshukuru nani. Emoji ya mtu aliyepiga magoti, iliyoongezwa mwaka 2019, imekuta desturi inayoingoja. Kwa jamii ya Kinyambo, ambako mwanamke huwapigia magoti wakubwa anapowasalimu, picha ambayo kwingine husomwa kama unyonge hapa inasomeka kama shikamoo.

Nyuso mbili zinahitaji macho zaidi ya yote. Moja hucheka mpaka machozi yanatoka pembeni mwa macho. Nyingine hulia, machozi yakimiminika kama mifereji miwili mashavuni. Kwenye kioo kidogo, juani, bila miwani, ni pacha. Ile ya kicheko ni maarufu kiasi kwamba wachapishaji wa kamusi za Oxford waliifanya neno lao la mwaka 2015, nayo imo kwenye safu ya emoji zilizo tayari kuguswa kwa kila ujumbe. Basi bibi anayetaka kulia na wafiwa hugusa uso wa kwanza wenye machozi, na chini ya tangazo la kifo kinatokea kicheko chenye jina lake. Vijana huitambua ajali hiyo na kumwambia pembeni aiondoe: kuigusa tena emoji ile ile huifuta. Kumsahihisha ndani ya kundi ni kumwaibisha mara mbili.

Kidole gumba kimeligawa taifa kwa umri. Kwa karani wa chama cha msingi anayetangaza siku ya kupokea kahawa ya maganda, vidole gumba thelathini ni jawabu bora kuliko maneno "sawa" thelathini yanayolisukuma tangazo nje ya kioo. Arifa ya kidole huenda kwa mtumaji tu, wala hailiamshi kundi. Kwa kijana, kidole hicho hicho baada ya maelezo marefu ni mlango uliobamizwa. Moyo mwekundu nao hauna kosa kati ya marafiki wa kwaya, lakini mkwe hamtumii baba mkwe. Mikono iliyokutanishwa inatosha na inazidi.

Baadhi ya picha zimetoka mbali na zinakosea njia. Mbuzi, kwa mashabiki wa mpira waliochukua mzaha wa Kimarekani, ni sifa ya mchezaji bora wa nyakati zote. Katika kundi la soko la Kyerwa mbuzi ni mbuzi, na swali linalofuata ni bei na kama yuko Murongo au Nkwenda. Ndizi iliyopo ni ya njano, ya kumenya na kula, na watu wanaoishi kwa ndizi za kupika, za kijani, zilizo bado kwenye mkungu, huitumia hivyo hivyo kwa kukosa nyingine. Biringanya, ambayo kwa vijana ina maana isiyofaa mezani, hutumwa kwa usafi wa moyo na mama anayeuza mboga, na wanaocheka hawamwambii sababu.

Zile nyuso za saa ya ukutani zina mtego wa Kiswahili kabisa. Mwandishi wa tangazo huandika kikao ni saa 8 mchana, kisha hutafuta saa yenye mshale kwenye 8 ili kupamba. Lakini mshale ukiwa kwenye 8, kila aliyelelewa na saa ya Kiswahili husoma saa mbili. Saa nane mchana huonyeshwa na mshale ulio kwenye 2. Tangazo moja linakuwa na saa mbili zinazopingana, na watu waangalifu, wanaoamini picha kuliko tarakimu, ndio wanaofika asubuhi na kukuta ukumbi umefungwa.

Tiki ya kijani ndani ya kiboksi imekaa mpakani mwa makabila yote mawili. Ni emoji, ila inavaa sura ya alama ya mashine. Kundi linapochangia harusi au msiba, mtu huanzisha orodha: namba, jina, kiasi, na tiki ya kijani kwa aliyekwisha kulipa. Kila anayechangia huinakili, huongeza jina lake mwishoni na kuirudisha. Wawili wakinakili orodha yenye majina 31 kwa wakati mmoja, kila mmoja hujiandika wa 32, na kundi linabaki na orodha mbili zinazotofautiana kwa jina moja. Anayefuata huchukua iliyo karibu na kidole. Baada ya saa moja mtu aliyelipa elfu kumi tangu asubuhi hayumo, na tiki ya jirani yake ambaye hajatuma kitu imo, kwa sababu aliyenakili mstari wa juu aliunakili pamoja na tiki yake. Hakuna aliyeiba, wala programu haikukosea. Tiki ile haikuwekwa na mtandao wa simu uliopokea pesa. Imeandikwa kwa kidole, kama neno lingine lolote.

Makundi yaliyokwisha kuumwa na orodha ya aina hiyo hufanya kwa njia moja. Orodha hubaki mkononi mwa mweka hazina peke yake, ambaye hutuma toleo jipya jioni na kuupini ujumbe wake. Wengine hutuma tu ujumbe wa muamala. Naye huwa na daftari la kaunta mezani, anasoma ujumbe wa pesa mmoja mmoja, anaandika jina na kiasi kwa kalamu, kisha ndipo anarudi kwenye simu kuweka tiki ya kijani.